Je, wajua kwa nini wastani peke yake haumpimi spina wa zamani wa kriketi?

Spina ni mrushaji anayeuzungusha mpira ili upinde ukidunda. Jim Laker wa Uingereza alimaliza mechi zake za Test, yaani mechi za kimataifa za siku kadhaa, na wastani wa 21.24, Bishan Singh Bedi wa India akamaliza na 28.71. Wastani hapa ni mikimbio (pointi za wapigaji) ambayo mrushaji ametoa kwa kila wiketi aliyopata, yaani kila mpigaji aliyemtoa, so ukiwa mdogo ndo vizuri zaidi. Ukisoma hivo tu unasema basi, Laker kamwacha Bedi mbali, tufunge mjadala. Ila mjadala haufungwi kirahisi hivo, na wanaopanga maspina wa zamani kwa kusoma jedwali tu wanawaonea watu, hasa wale wanne wa India wa miaka ya 60 na 70: Bedi, Prasanna, Chandrasekhar na Venkataraghavan.

Tuanze na pichi, yaani kile kipande cha ardhi mpira unapodundia, manake spina anaitegemea kuliko mrushaji mwingine yeyote. Enzi za Laker pichi za Uingereza zilikuwa zinaachwa wazi mvua ikinyesha, hazifunikwi kama sasa, na jua likitoka baada ya mvua ule udongo unaanza kukauka na mpira unaushika, unaruka, unapinda vibaya mno, mpigaji hajui aende mbele au arudi nyuma. Kwenye uwanja wa Old Trafford mwaka 1956 Laker alichukua wiketi 19 kati ya 20 za Australia kwa mikimbio 90, na hakuna mtu amefika hapo mpaka leo. Waaustralia walilalamika sana kuhusu ile pichi na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini sasa mwangalie Tony Lock, naye spina wa Uingereza, tena mzuri kweli, alirusha ova 69 (ova moja ni mipira 6) kwenye mechi hiyohiyo, pichi hiyohiyo, akapata wiketi 1. Moja tu! Kwa hiyo pichi ilimsaidia Laker ndio, ila haikumfanyia kazi.

Derek Underwood ndo anasemwa zaidi kwa hili, watu wanasema alikuwa hatari kwenye matope tu. Wanakumbuka The Oval 1968, uwanja ulifurika maji mpaka watazamaji wakaingia kusaidia kuukausha, halafu Underwood akamaliza kazi dakika za mwisho na kutoka na wiketi 7 kwa mikimbio 50. Sawa, lakini msimu wa 1976-77 alienda India, kwenye pichi kavu, mbele ya watu waliokua wakicheza spini tangu utotoni, na akachukua wiketi 29 kwenye Test 5. Kwangu hizo 29 zina uzito kuliko zile 7 za The Oval, ingawa hazisimuliwi.

Sasa wale wanne. Jambo la kwanza, India ya wakati ule haikuwa na mrushaji wa kasi wa maana mpaka Kapil Dev alipokuja 1978. Mpira mpya unapewa spidi za wastani waurushe ova chache tu ung'ae kidogo uishe, wakati mwingine hata Gavaskar, mpigaji kabisa, ndo anafungua kurusha, halafu spina anaitwa kazini wakati wafunguzi (wapigaji wawili wa kwanza) wa upande wa pili hawajatolewa na mpira bado mgumu. Laker alikuwa na kina Statham na Trueman wa kumsafishia njia. Bedi hakuwa na mtu.

Jambo la pili ni sheria ya kugonga mguu, yaani mpigaji anatolewa mpira ukimgonga mguuni wakati ungeenda kugonga vijiti vilivyo nyuma yake. Zamani mpigaji alikuwa ananyoosha mguu mbele, anauzuia mpira kwa pedi, na refa anamwachia kwa sababu ameenda mbele sana. Teknolojia ya kufuatilia mpira ilipoingia ikaonekana mipira mingi ya namna ile ilikuwa inaenda kugonga vijiti kabisa. Wiketi ngapi zilipotea hivo hakuna anayeweza kuzihesabu.

Ila tusiwabebe pia, manake walikuwa na bahati moja kubwa, nayo ni Eknath Solkar. Huyu alikuwa anasimama hatua chache tu kutoka kwa mpigaji, bila kofia ngumu, na alidaka mipira 53 kwenye Test 27, na mpigaji mpira wake ukidakwa kabla haujadunda anatoka. Mlinganishe na Subhash Gupte wa miaka ya 50, spina wa kifundo cha mkono aliyechukua wiketi 149 kwenye Test 36, huyo watu wake walikuwa wanamdondoshea mipira hovyo. Kanpur mwaka 1958 alichukua 9 kwa 102 dhidi ya West Indies, na India ikafungwa bado. Timu ikifungwa kila siku jina la spina wake linazama nayo, ndo maana Gupte hatajwi leo anavyostahili.

Kati ya wale wanne wenyewe nani mkubwa? Wengi wanamtaja Bedi, wiketi 266, mkono laini, mtindo wa kupendeza mno kuutazama. Wengine Chandra, ambaye polio ilimdhoofisha mkono wa kulia akiwa mtoto, na ndo mkono huohuo aliorushia, kwa kasi isiyo ya kawaida kwa spina, mpaka wakati wa kurudisha mpira kutoka uwanjani akawa anatumia wa kushoto. Mwaka 1971 pale The Oval alichukua 6 kwa 38, Uingereza wakatolewa wote kwa 101, India ikashinda Test yake ya kwanza kwenye ardhi ya Uingereza na mfululizo mzima, yaani seti nzima ya Test kati ya nchi hizo mbili. Uingereza ile haikuwa timu ya mchezo, ilikuwa imeenda mechi 26 bila kufungwa. Watu wanapenda pia kutaja wiketi zake 12 pale Melbourne 1977-78, na za Bedi 31 msimu uleule, ila hapo Kerry Packer alikuwa ameshawachukua wachezaji bora wa Australia kwenye ligi yake, kwa hiyo lazima tupunguze kidogo.

Mimi nasema Prasanna. Wastani wake ni 30.38, mbaya kuliko wa Bedi na wa Chandra, najua. Alianza 1962, akaacha karibu miaka 5 akamalizie uinjinia, akarudi, na msimu wa 1967-68 akaenda Australia yenye timu kamili akachukua wiketi 25 kwenye Test 4 ambazo India ilifungwa zote, akapita New Zealand akachukua nyingine 24, India ikashinda mfululizo wake wa kwanza ugenini. Alikuwa anaupandisha mpira juu halafu unashuka mapema kuliko mpigaji alivyotegemea, mguu umeshaenda mbele na mpira haujafika. Ian Chappell, aliyepiga dhidi ya karibu kila mtu wa enzi ile, amemtaja kuwa spina bora aliyekutana naye. Na bado mara nyingi walimweka benchi wakampa nafasi Venkat, ambaye alikuwa anarusha aina ileile ya spini!

Kuna namba moja pia inatuhusu huku kwetu. Kombe la Dunia 1975, pale Leeds, timu ya Afrika Mashariki yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ilicheza na India, na Bedi akarusha ova 12, 8 kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja, jumla alitoa mikimbio 6 na wiketi 1. Inatajwa mpaka leo kama ushahidi wa ukubwa wake. Mimi siihesabu, watu wetu walikuwa wa ridhaa, wanacheza kriketi baada ya kazi. Ukitaka kumpima spina aliyezuiwa na Bedi kabisa mtafute Rajinder Goel, naye wa mkono wa kushoto vilevile, wiketi 637 za Ranji Trophy, mashindano ya ndani ya India, na hajawahi kupewa Test hata moja, kwenye lile jedwali jina lake halipo kabisa.