Boriti imelala juu ya bimu. Mistari yake je?

Ukiongeza ghorofa ya chuma ndani ya ghala la korosho, iwe Masasi au Mtwara mjini, boriti ndogo kwa kawaida hulazwa juu ya bimu, yaani mhimili mkubwa unaoibeba. Fundi akiona vyuma vimegusana na kufungwa bolti, anajua mzigo utashuka. Programu ya uchambuzi, ile ya kompyuta inayokokotoa nguvu ndani ya jengo, haioni vyuma. Inaona mistari na nodi (pointi mistari inapokutana) tu, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Dhana: Mstari wa uchambuzi lazima upite katikati ya chuma chake.

Si lazima. Chukua bimu ya kina cha milimita 400 na boriti ya milimita 200 juu yake. Kila mstari ukipita katikati, unapishana na mwenzake kwa milimita 300, na haikutani popote. Kwa mzigo wa sakafu unaoshuka wima, ivute yote kwenye kimo kimoja, tuseme usawa wa juu wa bimu, ikutane kwenye nodi. Anayetaka kubakiza tofauti ya kimo aweke kiungo kigumu kati ya mistari, na aruhusu ncha ya boriti izunguke.

Dhana: Ikionekana imeungana kwenye skrini, imeungana.

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ukitazama mchoro kutoka juu, pengo la kimo halionekani kabisa. Boriti ya mita 4 yenye mzigo wa kilonyutoni 5 kwa mita, ikikalia vizuri pande zote mbili, ina momenti (nguvu ya kupinda) ya kilonyutoni-mita 10 katikati. Ncha moja ikiwa haijashika nodi ya bimu na nyingine imekazwa, programu inaihesabu kama boriti inayoning'inia: momenti inafika 40 kwenye ncha iliyokazwa, na bimu haipati chochote. Bimu hiyo itachaguliwa nyembamba, ilhali siku ya kupanga magunia itabeba kweli.

Wengine hujumlisha nguvu za egemeo, yaani zile zinazorudishwa na vinavyoshikilia jengo, wakiona zinalingana na mzigo wanaridhika. Zitalingana tu, maana mzigo umepita njia nyingine. Fungua mchoro wa momenti wa bimu yenyewe, kisha angalia kama mchoro wake wa nguvu za mkato (zinazotaka kukata chuma kwa kukivuka) unaruka pale kila boriti inapokalia. Mchoro ukiwa mtupu, kuna nodi imekosekana.

Dhana: Ukisogeza chuma, mstari utafuata.

Inategemea toleo. Kwenye Revit, programu ya kuchora majengo, tangu toleo la 2023 modeli ya uchambuzi inajitegemea. Baada ya kila badiliko la msanifu majengo, kagua mistari upya.

Dhana: Mistari ikishapangwa, umbali halisi hauna kazi tena.

Una kazi sana kwenye nguzo. BS 5950, kiwango cha Uingereza cha majengo ya chuma kilichoondolewa rasmi 2010, kwa fremu zenye viungio rahisi (visivyokazwa kupitisha momenti), kilitaka nguvu ya ncha ya bimu ihesabiwe milimita 100 nje ya uso wa nguzo. Nguzo ya milimita 200 ikipokea kilonyutoni 60, hiyo ni kilonyutoni-mita 12 ambazo mstari unaoishia katikati ya nguzo hauzionyeshi. Nguzo ya ndani, yenye bimu sawa pande mbili, momenti zake hufutana. Ya pembeni haina wa kuifutia, kwa hiyo ziongeze mwenyewe kabla ya kuchagua chuma chake.