Ile jinzi ya bei rahisi, kuna mtu alishailipia

Ukienda Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili utaona watu wakitafuta ile jinzi imefifia mapajani na magotini, inakaa ni kama imevaliwa miaka, na ukiipata kwa bei poa unafurahi, hakuna ubaya. Sisi wa afya na usalama kazini tunataka tu ujue vile hiyo rangi ilitolewa, kwa sababu mteja haambiwi.

Njia moja ni kuipiga mchanga. Jamaa anashika bomba la hewa ya presha, anapuliza mchanga kwa kitambaa mpaka rangi itoke, vumbi inajaa chumba, na kwa vile viwanda vidogo vya uchochoroni kinga yake ni kitambaa tu cha kufunga pua. Hiyo vumbi ina silika, madini yaliyo ndani ya mchanga. Ikishaingia ndani ya mapafu haitoki, mapafu yanafanya makovu, yanakuwa magumu, na mtu anaanza kukosa pumzi hata akipanda ngazi tu. Huo ugonjwa unaitwa silikosisi na hauna tiba. Wachimba migodi huupata baada ya miaka mingi, lakini kule Uturuki madaktari walianza kuuona kwa vijana wadogo ambao walikuwa wamepiga jinzi mchanga miaka michache tu. Uturuki ikapiga marufuku mwaka 2009, lakini kazi haikuisha, iliendelea kwingine, Bangladesh na China zikiwemo, na mapafu ya huko si ya chuma.

Alafu kuna majengo yenyewe. Rana Plaza ilikuwa jengo la orofa nane lenye viwanda vya nguo, huko Savar karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zikapata nyufa, benki na maduka ya chini yakafunga, lakini washonaji wa juu wakaambiwa kesho warudi kazini, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara. Kesho yake asubuhi jengo likaporomoka, likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake. Mshahara wa chini wa mshonaji wakati huo ulikuwa taka 3,000 kwa mwezi, pesa ya huko, yaani kama shilingi elfu tatu na kitu za Kenya za wakati huo. Unalinda kazi ya hivyo ukiona ufa kwa ukuta, kwa sababu nyumbani wanangoja unga.

Kampuni kubwa mara nyingi hazimiliki hivyo viwanda, zinatoa oda, zinabana bei na siku, mwenye kiwanda akilemewa anapeleka kazi kwa mwingine mdogo. Ndio maana pale Rana Plaza watu walilazimika kutafuta lebo kwenye kifusi ndio wajue nguo zilikuwa za nani.

Sisemi uache kununua, na mama wa mtumba hana makosa yoyote hapa. Lakini kama unanunua mpya kwa duka la kampuni au mtandaoni, waulize wazi viwanda vyao ni gani na kama wamekataza kupiga mchanga. Zingine siku hizi huweka orodha ya viwanda kwa tovuti yao. Isipokuwepo, uliza tena.