Fedha za Msaada wa Chakula Zimfikie Mkulima Mdogo

Familia yenye kipato kidogo inapopewa msaada wa chakula, kuna mtu anayelipwa kwa chakula hicho. Mara nyingi ni msambazaji mkubwa, huku mboga na matunda ya wakulima wa eneo hilohilo yakioza kwa kukosa mnunuzi.

Brazili ililishughulikia hilo mwaka 2003. Serikali ilianzisha mpango wa kununua mazao ya wakulima wadogo na kuyagawa kwa wasio na uhakika wa chakula. Sheria iliruhusu ununuzi huo ufanyike bila zabuni, mradi bei isizidi ile ya soko la eneo husika. Naiona ruhusa hiyo kuwa ndiyo moyo wa mpango wote. Mkulima mwenye kishamba kidogo atashindanaje na kampuni? Hana dhamana ya benki, hana lori, wala karani wa kumwandalia makaratasi.

Njia nyingine ni kuiachia familia ichague yenyewe. Nchini Marekani, tangu mwaka 1992, upo mpango unaowapa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo kuponi za kununulia mazao mabichi kwa wakulima. Lakini msaada mkuu wa chakula ulipohamishwa kutoka kuponi za karatasi kwenda kwenye kadi, wakulima wengi walipoteza wateja wanaotumia msaada huo, kwani masoko ya wazi hayakuwa na umeme wala simu za kuendeshea mashine za kusomea kadi. Masoko mengi yakaweka mashine moja ya pamoja: mnunuzi anakatwa fedha kwenye kadi, anapewa tokeni, yaani vipande vinavyotumika kama fedha sokoni hapo, anazitumia kwa mkulima yeyote, kisha uongozi wa soko unamlipa mkulima. Mwaka 2009 Detroit ikaongeza kivutio: anayenunua mazao mabichi kwa kadi ya msaada huongezewa kiasi kilekile cha kununulia mengine.

Wanaopanga mipango ya namna hii huhangaikia sana idadi ya walengwa na kusahau tarehe ya malipo. Mkulima anayesubiri fedha yake kwa miezi atamuuzia dalali zao linalofuata, hata kwa bei ya kutupa, maana mbegu na vibarua havisubiri. Kwa hiyo, kabla ya kumwandikisha mkulima wa kwanza, tengeni fungu la kumlipa siku anayoleta mzigo. Na mnunuzi wa tokeni ahudumiwe kwenye meza ileile na wengine, bila foleni yake ya pembeni. Akiaibishwa mara moja, harudi.