Je, mtindi unaweza kuwaondoa bakteria sugu tumboni?

Mgonjwa akishaelezwa kwamba kinyesi chake kina bakteria wa Escherichia coli (E. coli) au Klebsiella wanaovunja antibiotiki za kundi la sefalosporini, swali analoniuliza mara nyingi hapa Mbarara ni kama mtindi wa Yoba utamwondolea. Swali hilo lina msingi. Mtindi huo, unaotengenezwa na wasindikaji wadogo nchini Uganda, huchachushwa kwa Lactobacillus rhamnosus wa aina ya GG, na mwaka 2007 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa figo waliokula mtindi wenye bakteria huyo, enterokoki (bakteria wengine wa utumbo) sugu kwa antibiotiki ya vankomisini hawakuonekana tena kinyesini.

Hata hivyo, enterokoki si E. coli. Majaribio yaliyofanywa baadaye dhidi ya wavunjaji wa sefalosporini hayakuleta matokeo ya kutegemewa. (Obushera, kinywaji cha nafaka kilichochachushwa, nao una bakteria wa asidi ya maziwa, ila hutofautiana kutoka chungu hadi chungu, kwa hiyo siwezi kuusemea.)

Hata kipimo chenyewe hudanganya. Tunapopaka kinyesi kwenye agari ya MacConkey (jeli ya kuoteshea bakteria) iliyotiwa sefotaksimu, mojawapo ya sefalosporini, asubuhi yake E. coli sugu huwa wameota madoa ya waridi. Sahani ikibaki tupu, mgonjwa hufurahi, ilhali huenda bakteria hao wamepungua tu kiasi cha kutoonekana, wakingojea dozi nyingine ya antibiotiki iwaue washindani wao.

Washindani wenyewe ni wenyeji wa utumbo wasiostahimili oksijeni, ambao hula chakula ambacho wageni wangekula na kutoa asidi zinazowadumaza. Utafiti wa Israeli wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mchanganyiko wa probiotiki (bakteria hai wanaoliwa kwa ajili ya afya) uliomezwa baada ya antibiotiki ulichelewesha kurejea kwa wenyeji hao, jambo ambalo wauzaji wa vidonge hawalitaji.

Ninachokiamini zaidi ni jaribio la Thailand lililochapishwa mwaka 2023, ambapo watu walimeza spora (mbegu ngumu) za bakteria Bacillus subtilis kwa siku 30 na bakteria wa Staphylococcus aureus wa utumboni wakapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Bacillus huyo hamuui mpinzani wake. Hutoa fengisini, kemikali inayokatiza mawasiliano ambayo Staphylococcus huyategemea ili akae utumboni. Adui alikuwa mmoja, na njia ya kumzuia ilijulikana.

Kwa hiyo mwenye afya anayebeba E. coli sugu bila dalili hahitaji antibiotiki, na mtindi anywe akiupenda. Mwenye kinga dhaifu sana au mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu amwulize daktari wake kwanza, kwa kuwa Lactobacillus amewahi kupatikana katika damu ya wagonjwa wa namna hiyo.