Bitcoin ina ukubwa gani, na iko wapi?

Ukitaka kujua ukubwa wa benki, unaangalia hesabu zake zilizokaguliwa na orodha ya matawi. Bitcoin, sarafu ya kidijitali, haina makao makuu wala msajili. Anayetaka kuipima hana budi kuizungukia mwenyewe na kubisha hodi mlango kwa mlango.

Kinachohesabiwa kwanza ni nodi, yaani kompyuta zinazoendesha programu ya Bitcoin na kukagua miamala. Nyingi hutunza leja nzima, yaani daftari la miamala yote, tangu Januari 2009, na leja hiyo sasa imepita gigabaiti 600. Kila nodi hukumbuka anwani za wenzake, na ikiombwa hutoa hadi anwani 1,000 kwa jibu moja. Kwa hiyo programu ya kuhesabu huanza na nodi chache zinazofahamika, ikaomba anwani, ikajaribu kila moja, na zile zinazoitikia nazo ikaziomba anwani zao. Huendelea hivyo mpaka zisipatikane mpya. Anwani nyingi zinazotajwa zimeshakufa, hivyo haitoshi kuzikusanya tu. Lazima kila moja ijaribiwe. Mradi wa Bitnodes umekuwa ukifanya kazi hii tangu 2013. Mwaka 2018 ulikuwa ukiona nodi kama 10,000. Miaka ya karibuni zimezidi 15,000.

Tatizo ni kwamba namba hiyo husomwa kana kwamba ndiyo mtandao wote, kumbe ni nodi zinazopokea wageni tu. Nodi ya kawaida hufungua yenyewe miunganisho kama kumi kwenda nje, na hiyo inatosha kushiriki kikamilifu. Ikiwa ruta ya nyumbani haijaruhusu mlango namba 8333, ambao nodi hutumia kupokea wageni, hakuna wa nje anayeweza kuifikia, na haitahesabiwa. Nodi za aina hiyo hukadiriwa kuwa nyingi mara kadhaa kuliko zinazoonekana.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo anayeendesha nodi kwa bando la simu Mwanza au Kisumu hataonekana kwenye ramani yoyote. (Kupakua gigabaiti 600 kwa bando ni ukakamavu wa aina yake, lakini hilo ni suala jingine.) Weupe wa bara letu kwenye ramani hizo usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba hakuna watu. Nodi si idadi ya watumiaji hata kidogo: wengi hutumia programu ya simu au akaunti ya kampuni bila kuendesha nodi yoyote.

Nchi nayo hupatikana kwa kulinganisha anwani na kanzidata za intaneti, na zinachoonyesha ni seva ilipo, siyo mwenye seva. Mkazi wa Dar es Salaam akikodi seva Ujerumani, anahesabiwa Ujerumani, nchi ambayo pamoja na Marekani hukaa juu ya orodha. Zaidi ya hapo, kwa miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya nodi zinazofikika zimekuwa zikipitia Tor, mtandao wa faragha ambao huficha mahali kabisa. Ukiambiwa nchi fulani ina asilimia kadhaa, uliza: asilimia ya nodi zote, au ya zile zinazojulikana zilipo? Kuna na kasoro ya upande wa pili, kwani mashine moja inaweza kujitokeza kwa anwani nyingi na kuhesabiwa mara nyingi.

Nguvu ya uchimbaji, yaani nguvu ya kompyuta zinazoshindana kuongeza miamala mipya kwenye leja, ni kipimo kingine kabisa. Jumla yake hukadiriwa kutokana na ugumu wa uchimbaji, ambao mfumo huurekebisha kila baada ya bloku (mafungu ya miamala) 2,016 ili bloku moja itoke kwa wastani wa dakika kumi. Udanganyifu hapo ni mgumu. Mahali ndipo penye utata. Ramani ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilitegemea anwani za wachimbaji zilizotolewa na baadhi ya vikundi vya uchimbaji. Kwa ramani hiyo, China ilikuwa na asilimia 46 Aprili 2021. Serikali ikapiga marufuku, na Julai ikasomeka sifuri. Miezi michache baadaye China ikarudi kwenye ramani na zaidi ya asilimia 20. Wachimbaji wengi walikuwa wameondoka au kuzima mitambo kweli, maana ugumu ulishuka kwa takriban asilimia 28 tarehe 3 Julai. Wengine walijificha nyuma ya VPN, huduma inayofanya mtu aonekane yuko nchi nyingine. Cambridge wenyewe walitahadharisha kwamba huenda ndiyo sababu Ujerumani na Ireland zilionekana na sehemu kubwa, wakati hapakuwa na ushahidi wa mitambo mikubwa huko.

Kazakhstan ilikuwa tofauti. Ramani iliipa karibu asilimia 18 Agosti 2021. Januari 2022 serikali ilipokata intaneti wakati wa maandamano, nguvu ya uchimbaji ya dunia nzima ilishuka kwa kiasi cha kuonekana. Mitambo ya huko ilikuwepo kweli.