Ukibadilisha mazingira, modeli iliyokwisha kuundwa haifuati

Wengi tunaotumia Gurobi, programu ya kutafuta suluhisho bora la matatizo ya hisabati, kupitia lugha ya Python tumeamini kwamba modeli (maelezo ya tatizo linalotatuliwa) hubaki imefungamana na mazingira (environment, yanayobeba mipangilio ya programu) ambamo iliundwa: ukibadilisha kigezo, yaani mpangilio mmojawapo, kwenye mazingira, modeli nayo inafuata. Ni rahisi kuamini hivyo, maana bila mazingira modeli haiundwi.

Ilivyo ni kwamba modeli inapoundwa hupewa nakala yake ya mazingira, pamoja na vigezo vyote kama vilivyokuwa wakati ule. Ukiandika env.setParam("TimeLimit", 60), yaani kuyawekea mazingira (env) kikomo cha muda, modeli ikiwa tayari ipo, sekunde hizo 60 zitazihusu tu modeli utakazounda baadaye. Ile ya kwanza itaendelea kutafuta jibu bila kikomo cha muda, na tatizo likiwa gumu, mtu anaweza kukesha akingoja.

Hakikisha mwenyewe. Baada ya mstari huo, chapisha kwenye skrini m.Params.TimeLimit (m ni ile modeli ya kwanza), utaona inf, yaani hakuna kikomo. Kisha andika m.Params.TimeLimit = 60, uchapishe tena: itatoka 60.0. Kama modeli zako zote zinahitaji kikomo kimoja, kiweke kwenye mazingira kabla hujaunda hata moja.