Shayiri ya kale ilikuwa punje, si majani

Wengi huamini kwamba unga wa majani ya shayiri ni dawa ya tangu enzi za Warumi. Sivyo. Ni kweli wapiganaji wa viwanjani Roma walitaniwa "hordearii", yaani wala shayiri, lakini walichokula ni punje. Hata uji wa wagonjwa unaosifiwa katika maandishi ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, ulipikwa kwa punje.

Majani yalivuma baadaye sana. Miaka ya 1930, mkemia wa Marekani Charles Schnabel aliwalisha kuku majani machanga ya nafaka, kisha akayapigia debe kwa binadamu. Yoshihide Hagiwara wa Japani ndiye aliyeeneza unga wa juisi ya shayiri changa.

Lishe imo, sikatai, hasa vitamini K, inayosaidia damu kuganda; ndiyo maana anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amuulize daktari kwanza.